Dawa za Maumivu na Uvimbe: Maswali Tunayoulizwa Kila Siku Kwenye Kemisti

Wengi wanaoingia kemisti yetu hapa Kayole, Nairobi, hawaombi dawa kwa jina. Husema, “Nipe za mgongo,” au, “Nipe zile kali za maumivu.” Nikimuuliza mtu jana alimeza nini, hutoa mfukoni bahasha ndogo ya kaki iliyokunjwa mara nne, imelowa jasho, na juu yake pameandikwa kwa kalamu 1×3, yaani kimoja mara tatu kwa siku. Ndani mna vidonge viwili vya pinki. Jina la dawa halipo.

Bahasha hiyo ndiyo iliyonifanya niandike majibu haya. Dawa zenyewe ni nzuri na zimewarudisha watu wengi kazini. Shida ni kwamba ukimeza kitu usichokijua jina, hakuna atakayeweza kukukinga nacho, hata mimi niliye nyuma ya kaunta.

Dawa za uvimbe ni zipi? Panadol imo?

Panadol haimo. Panadol ni parasetamoli: hutuliza maumivu na kushusha homa, lakini uvimbe hauugusi sana.

Ninazozungumzia hapa hufanya yote mawili na kupunguza uvimbe juu yake, ule wekundu na joto linalokuja ukiteguka kifundo cha mguu. Mnazozijua zaidi ni ibuprofeni, ambayo wengi huiita Brufen kwa jina la kampuni, na diklofenaki, ambayo mtaani ni “diklo” tu na mojawapo ya majina yake ya kampuni ni Voltaren. Aspirini ni ya ukoo huohuo. Wamo pia naproksini, meloksikamu, piroksikamu, indomethasini, selekoksibu na asidi ya mefenamiki.

Nimeyaandika majina haya tunavyoyatamka. Kwenye karatasi ya vidonge, ile yenye mgongo wa fedha, utayaona kama Ibuprofen, Diclofenac, Naproxen, Meloxicam na kadhalika. Tafuta jina lenyewe la dawa, ambalo mara nyingi huwa kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa la kampuni. Karatasi mbili zenye rangi tofauti na majina makubwa tofauti zinaweza kuwa dawa moja. Na dawa nyingi za kichwa zinazouzwa hadi kioski cha mboga huwa na aspirini ndani, imechanganywa na parasetamoli na kafeini. Anayemeza hiyo asubuhi na Brufen mchana amemeza dawa mbili za ukoo mmoja, na hajui.

Mimi naumwa goti. Mbona linaloharibika ni tumbo?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu ukilielewa, mengine yote yanaanguka mahali pake.

Kidonge hakijui goti liko wapi. Kikiyeyuka kinaingia kwenye damu, na damu inakipeleka kila mahali. Kazi yake ni kuzuia mwili usitengeneze kemikali ziitwazo prostaglandini. Kwenye goti lililovimba, kemikali hizo ndizo zinazoleta maumivu na joto, kwa hiyo zikipungua unapata nafuu. Lakini tumboni kemikali hizohizo ndizo zinazoweka utando wa ute unaolinda nyama ya tumbo isichomwe na asidi. Kwenye figo, ndizo zinazosaidia mishipa midogo kubaki wazi ili damu ipite ya kutosha, hasa mwili unapokuwa na upungufu wa maji. Ukizizima kwenye goti, umezizima na huko.

Aspirini iliingia sokoni mwaka 1899, na kwa zaidi ya miaka 70 watu waliimeza bila yeyote kujua inafanyaje kazi. Aliyelifumbua jambo hilo ni Mwingereza John Vane, mwaka 1971, na mwaka 1982 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili.

Nimeze ngapi, kwa siku ngapi?

Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wowote kati ya nitakayoyataja hapa chini, ibuprofeni ni miligramu 200 hadi 400 kwa mara moja, na uache saa sita hadi nane kabla ya kumeza tena. Bila maelekezo ya daktari, usizidishe miligramu 1,200 kwa saa 24. Hivyo ni vidonge vitatu vya 400, au sita vya 200. Angalia namba kwenye karatasi yako, kwa sababu vya 200 na vya 400 vinaweza kufanana kabisa kwa macho.

Diklofenaki ina nguvu zaidi na hatari yake kwa moyo ni kubwa zaidi. Kipimo cha juu cha kawaida ni miligramu 150 kwa siku, na mimi sipendi kuitoa kabla mtu hajaonwa na daktari au afisa wa kliniki. Vile vidonge vikubwa vya 75 au 100 vinavyotoa dawa polepole visisagwe wala kutafunwa.

Siku? Chache iwezekanavyo. Homa ikipita siku tatu, nenda ukapimwe. Maumivu yakipita siku kumi, kidonge kingine si jibu tena, na mimi mwenyewe nikimwona mtu siku ya tano huanza kumuuliza maswali.

Nikila kwanza, nimesalimika?

Kula. Uji, chapati, kikombe cha maziwa, chochote ulicho nacho, na umeze kidonge kwa glasi nzima ya maji ukiwa umekaa wima. Kiungulia kitapungua. Lakini chakula hakizuii vidonda, kwa sababu kama nilivyosema, dawa hulifikia tumbo kutoka ndani kupitia damu. Nimewaona watu waliokula vizuri kila siku na bado wakatapika damu.

Kama umewahi kuwa na vidonda vya tumbo, sema kabla ya kununua. Daktari anaweza kukupa parasetamoli badala yake, au akuongezee dawa ya kupunguza asidi kama omeprazoli. Pia kuna bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye ni wa kawaida sana hapa kwetu. Akikutana na dawa hizi, hatari ya vidonda huongezeka. Kipimo cha choo humwonyesha, na anatibika.

Basi sindano si ni salama, kwa kuwa haipiti tumboni?

Hapana. Sindano ya diklofenaki inafika kwenye damu, na damu inafika tumboni. Vidonda huja vilevile. Isitoshe, ikichomwa vibaya kwenye tako inaweza kuumiza mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni, na mtu akabaki anachechemea. Ina nafasi yake, kwa mfano maumivu makali ya mawe ya figo hospitalini. Kuchomwa kila Ijumaa kwa sababu mgongo umechoka si nafasi yake.

Nina presha. Naweza kumeza?

Uliza kwanza, tafadhali. Naomba nikueleze kwa nini nalisisitiza hili.

Shangazi yangu anakaa Dandora. Ana presha ya miaka mingi, na dawa yake ni losartani iliyochanganywa na haidroklorothiazaidi, ile inayomfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara. Goti lake la kulia likaanza kumsumbua. Duka moja la dawa likampa diklofenaki. Baada ya wiki, kliniki nyingine ikampa meloksikamu. Bahasha mbili za kaki, zote hazina jina. Kwake yeye zilikuwa dawa mbili tofauti, moja ya goti na moja ya “mifupa”, kwa hiyo alimeza zote, siku kumi na nane mfululizo. Siku aliyonipigia simu hakulalamikia goti. Alisema, “Mwanangu, viatu vya kanisani vimekataa kuingia.”

Nilipofika, nilibonyeza mguu wake juu ya kifundo kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale, halikujaa hadi nikahesabu kumi na kitu. Presha ilikuwa juu sana. Damu ilipopimwa, kreatinini ilikuwa imepanda, maana yake figo zilikuwa zimeshindwa kuchuja ipasavyo. Zile mbili zikaachishwa, akalazwa, na kwa bahati figo zikarudi karibu na zilivyokuwa. Nilikuwa na miaka mingi kwenye kazi hii na sikuwa nimewahi kumuuliza shangazi anameza nini kwa ajili ya goti. Sasa namuuliza kila mtu.

Kilichotokea kinaeleweka. Dawa hizi hushika chumvi na maji mwilini, kwa hiyo presha hupanda na dawa za presha hukosa nguvu. Kisha kuna utatu ambao madaktari wa figo wanauogopa: losartani au enalaprili na jamaa zake, pamoja na dawa ya kukojoza, pamoja na dawa ya uvimbe. Kila moja hugusa mtiririko wa damu kwenye figo kwa njia yake, na zikikutana zote tatu figo inaweza kuzima.

Mwenye ugonjwa wa figo, moyo kushindwa kufanya kazi, au aliyewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi, asimeze hizi kwa kujiamulia. Na hili la moyo si la kufikirika. Mwezi wa Septemba 2004 dawa moja ya kundi hili, Vioxx, iliondolewa sokoni dunia nzima baada ya kuonekana inaongeza mishtuko ya moyo na viharusi.

(Ukitaka kujua figo zinavyoweza kuumia, fikiria tumbusi. Huko India na Pakistani ndege hao walikaribia kutoweka kwa sababu walikula mizoga ya ng’ombe waliotibiwa kwa diklofenaki, na figo zao zikafa. Mwaka 2006 India ikaipiga marufuku kwa mifugo. Figo za binadamu ni imara kuliko za tumbusi, lakini dawa ni ileile.)

Nafanya kazi ya mjengo. Bila mbili asubuhi na mbili jioni sibebi mawe.

Ndugu yangu, nakuelewa. Usipobeba, nyumbani hakuliki. Sitakuambia upumzike wiki mbili kana kwamba kuna mtu atakulipa.

Lakini fikiria siku yako. Umetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwa chai ya rangi tu. Jua limekupiga, umetoa jasho lita kadhaa, na chupa ya maji ya nusu lita imekwisha saa nne. Hapo ndipo figo inapozitegemea zaidi zile prostaglandini, na hapo ndipo unapozizima. Kumeza dawa hizi ukiwa umekauka, miezi na miezi, ni njia fupi ya kufika kwenye mashine ya kusafisha damu.

Kwa hiyo maji kwanza, tena mengi, mchana kutwa. Ukianza na parasetamoli, miligramu 1,000 kila baada ya saa sita, zisizozidi 4,000 kwa siku, wengine huona inatosha. Jioni weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa mgongoni, dakika 15 au 20. Usilale kitandani siku nzima, kwa sababu mgongo uliotulia hukakamaa, kutembeatembea kunausaidia. Dawa ya uvimbe iweke kwa siku zile mbaya kabisa, na uiache zikipita.

Mgongo ukikuuma pamoja na ganzi katikati ya mapaja, mguu kuishiwa nguvu, au kushindwa kujizuia au kutoa haja ndogo, hilo si la kemisti. Nenda hospitali ya Mama Lucy au Kenyatta siku hiyohiyo.

Naweza kuchanganya na Panadol?

Ndiyo. Parasetamoli na ibuprofeni ni koo mbili tofauti na zinasaidiana vizuri, kila moja kwa kipimo chake. Usichoweza kuchanganya ni mbili za ukoo mmoja: Brufen na diklo, au diklo na meloksikamu. Nafuu haiongezeki, madhara ndiyo yanayoongezeka.

Nina mimba.

Parasetamoli ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Kuanzia wiki ya 20, dawa hizi zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji anayoelea ndani yake. Miezi mitatu ya mwisho ni marufuku, kwa sababu zinaweza kufunga mapema mshipa ulio karibu na moyo wa mtoto ambao unatakiwa kubaki wazi hadi azaliwe. Isipokuwa moja: kama kliniki ya wajawazito imekupa aspirini ya kipimo kidogo kwa ajili ya kuzuia kifafa cha mimba, usiiache kwa kusoma haya. Rudi kwa waliokupa na uwaulize.

Mtoto wangu ana homa.

Anza na parasetamoli ya maji. Ibuprofeni ya maji inaweza kutumika kwa mtoto aliyepita miezi mitatu, miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo ya uzito, kwa mara moja. Tuseme mtoto wa kilo 10 na chupa iliyoandikwa 100 mg/5 ml: hiyo ni mililita 2.5 hadi 5. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ambalo tunakupa hapa kaunta, si kwa kijiko cha jikoni. Vijiko vya jikoni havilingani.

Usimpe ibuprofeni mtoto anayeharisha na kutapika, wala mwenye tetekuwanga. Aspirini usimpe aliye chini ya miaka 16 bila daktari, kwa sababu inaweza kuleta ugonjwa wa nadra lakini mbaya wa ini na ubongo. Na kama mmetoka Kisumu au Busia juzi, mpimeni malaria. Homa ikishuka kwa dawa haimaanishi malaria imekwenda.

Nimerudi kutoka Mombasa na homa na mifupa inauma kama imevunjwa.

Meza parasetamoli tu, kunywa maji, na ukapimwe. Pwani yetu imeshapata milipuko ya dengi, homa inayoletwa na mbu, na dengi hupunguza chembe za damu zinazogandisha damu. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini zinaweza kukuongezea kuvuja damu.

Nina pumu.

Kama umeshawahi kumeza ibuprofeni bila shida, huenda hauna tatizo. Kama kifua kiliwahi kubana baada ya aspirini au yoyote ya ukoo huu, usiijaribu tena, hata nusu.

Natumia dawa nyingine. Zipi zinagombana?

Warfarini na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda: kutokwa damu. Predinisoloni: vidonda. Methotreksati na lithiamu: zinaweza kujaa mwilini hadi kuwa sumu. Baadhi ya dawa za msongo wa mawazo, kama fluoksetini, huongeza uwezekano wa kutokwa damu tumboni.

Kwa wanaotumia dawa za kupunguza makali ya Virusi vya Ukimwi, wengi wenu mko kwenye kidonge chenye tenofoviri. Tenofoviri nayo hupita kwenye figo, na ikikutana na diklofenaki figo zinaweza kuumia. Najua si rahisi kulitaja hilo mbele ya foleni. Niombe tuongee pembeni, au niandikie kwenye karatasi. Sitaisoma kwa sauti.

Anayemeza aspirini ndogo ya moyo kila siku asubuhi ajue kwamba ibuprofeni inaweza kuizuia isifanye kazi. Kwa dozi ya mara mojamoja, aspirini ya kawaida isiyo na ganda la kulinda tumbo itangulie, ibuprofeni ifuate baada ya angalau nusu saa. Ya kila siku, zungumza na daktari.

Na pombe?

Pombe huchubua tumbo, dawa hulinyima kinga. Usizikutanishe, na hata usimeze “ya kuzuia” kabla ya kwenda kunywa.

Hedhi inaniumiza sana. Niivumilie?

Usivumilie. Maumivu ya hedhi yenyewe husababishwa na prostaglandini, kwa hiyo hapa dawa hizi zinalenga shabaha hasa. Ibuprofeni 400 au asidi ya mefenamiki, anza mara tu dalili zinapoanza badala ya kungoja umejikunja, kwa siku mbili au tatu, baada ya kula. Ikiwa hata hivyo unashindwa kwenda shule au kazini kila mwezi, muone daktari wa wanawake, kwa sababu kunaweza kuwa na chanzo kingine.

Ya kupaka je?

Kwa goti, kidole au kifundo, jeli ya diklofenaki ni chaguo zuri, hasa kwa wazee. Kidogo sana hufika kwenye damu. Nawa mikono, usipake kwenye kidonda.

Kuna dawa ya mitishamba ya viungo, inaponya kwa siku moja.

Mti wowote unaotuliza baridi yabisi ya miaka kumi kwa usiku mmoja unanitia wasiwasi. Katika nchi nyingi wakaguzi wamekuta unga na vidonge vya “asili” vilivyotiwa diklofenaki au steroidi kwa siri. Hapo unameza bila jina na bila kipimo.

Ni dalili gani zinizuie kungoja hadi kesho?

Choo cheusi kinachonata kama lami. Kutapika damu, au matapishi kama machicha ya kahawa. Tumbo kukaza ghafla kama ubao. Kifua kubana, mkono mmoja au upande wa uso kulegea, maneno kukwama. Uso au midomo kuvimba, upele wenye malengelenge. Mkojo kupungua sana na miguu kujaa. Acha dawa na uende hospitali, usiku au mchana, na ubebe karatasi ya vidonge ulivyomeza.

Ninunueje bila kudanganywa?

Nunua kwenye kemisti yenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu, iliyotundikwa ukutani mahali unapoweza kuisoma. Mwambie anayekuuzia umri wako, magonjwa yako na dawa zako nyingine. Hata kama unanunua vidonge vinne tu kwa sababu ndicho kiasi ulicho nacho, omba vikatwe pamoja na sehemu ya karatasi yenye jina na tarehe ya kuisha. Ikishindikana, mwambie aandike jina, miligramu na tarehe juu ya bahasha. Ni haki yako, na haiongezi bei.

Nina vidonge vya pinki kwenye bahasha, sijui ni nini. Unaweza kunitambulia?

Siwezi, na asiwepo wa kukuambia anaweza kwa kutazama tu. Kidonge cha pinki, cha duara, kinaweza kuwa ibuprofeni, na kinaweza kuwa dawa nyingine kabisa. Diklofenaki yenyewe nimeiona ya njano, ya kahawia, ya chungwa na ya pinki, kutegemea kiwanda. Usivimeze na usimpe jirani. Niletee, nivitupe mahali panapofaa, kisha nieleze unaumwa wapi tuanze upya, kwa kitu chenye jina.